Kabla hujapiga dawa kunde, geuza jani

Kila msimu wa kunde hapa Pemba naulizwa swali lilelile: vidukari wamejaa, nipige dawa gani? Jibu langu ni kwamba kwanza uiname, ugeuze majani, utazame. Kidukari wa kunde ni mweusi anayeng'aa. Ukiwaona baadhi yao wamevimba, wamepauka na hawasogei, liweke bomba chini.

Hao wameshaingiliwa na dondola. Simaanishi wale wanaochoma watu. Hawa ni wadogo mno, hata milimita 3 hawafiki. Jike hupinda tumbo lake kwa chini, likapita katikati ya miguu hadi mbele, akamdunga kidukari na kumtia yai moja. Yote hayo hayafiki hata sekunde. Kidukari huendelea kunyonya jani, kumbe ndani yake buu limeshaanguliwa na linamla. Viungo vya uhai huvibakisha mwisho, maana kidukari akifa mapema, nalo limekufa. Kuzaa kwake hupungua, kisha hukatika. Hatimaye buu humla chote kilichobaki, humgandisha kwenye jani na kufuma kifuko ndani ya ganda lake. Kwa joto letu, kiasi cha wiki 2 tangu yai kutagwa, dondola mpya hutoboa tundu la duara na kuruka.

Ukipiga dawa kali, unamuua dondola huyo. Vidukari wachache waliosalimika huzaa bila ya dume, wakajaa tena upesi, na safari hii hawana adui.

Msiudharau udogo wake. Muhogo wa Afrika uliangamizwa na wadudu weupe wa unga walioingia Kongo miaka ya 1970 kutoka Amerika Kusini. Mwaka 1981 dondola aitwaye Anagyrus lopezi alipatikana Paraguay, akaachiwa Nigeria, na akawadhibiti katika nchi nyingi. Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Mimi huwazuia sisimizi kwanza, kwa sababu wanawalinda vidukari ili walambe utamu wao, na humfukuza dondola. Pembeni naacha mrihani utoe maua apate cha kula. Halafu nasubiri wiki moja, nageuza majani tena. Ikiwa hakuna hata mmoja aliyevimba na vichipukizi vinajikunja, napulizia maji ya sabuni jioni, mashina yaliyozidiwa tu.