Limau haliondoi sumu ya jodari

SWALI: Mwisho wa Julai tulikodi boti Watamu, wanne kutoka ofisini, tukapata jodari wawili wa kama kilo 10 kila mmoja. Tulisafiri usiku, tukafika Nairobi asubuhi. Mke wangu alipokula, hata nusu saa haikuisha uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga na moyo ukamwenda mbio. Mimi nilikula samaki huyo huyo na sikuhisi chochote. Kwenye kliniki wakasema ana mzio wa samaki. Jirani naye anasema nyama ikilowekwa kwa limau na siki kisha ichemshwe sana, haina neno. Bado tuna kilo 3 kwenye friza, na mwisho wa Agosti tunarudi baharini. Kwa kuwa huu ni msimu wa baridi, sanduku moja la barafu si linatosha? – Msomaji, Lang'ata

JIBU: Mpe shemeji pole. Dalili ulizoeleza nimezisikia mara nyingi mno katika kazi yangu ya kupima samaki, na karibu kila mara habari huanza hivi: samaki tuliyemvua wenyewe, fresh kabisa, hakunuka.

Hakunuka kwa sababu histamini, sumu inayoleta dalili hizo, hainuki. Nyama ya jodari, sehewa, nguru, kibua na hata faluzi ina histidini nyingi, kijenzi kimoja cha protini. Samaki akifa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliokuwa matamvuani na tumboni huigeuza histidini hiyo kuwa histamini. Sisi wa Nairobi tumezoea ngege na mbuta, ambao tatizo hili si lao, na tumejifunza kuwapima kwa macho na pua. Kisha tunampelekea jodari pua ile ile. Anaweza kuwa na jicho angavu na nyama imara, na bado kipande kimoja kikawa kimevuka kwa mbali miligramu 200 za histamini kwa kilo, kikomo kilichowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula. Nasema kipande kimoja kwa sababu sumu hii haisambai sawasawa mwilini mwa samaki. Yawezekana sahani yako ilitoka mkiani na ya shemeji karibu na tumbo.

Sasa hilo la limau, ambalo limenichosha. Wiki haipiti bila mtu kuniambia limau, siki, tangawizi, makaa, au glasi ya maziwa baada ya kula. Histamini ikishatengenezwa, haiondolewi na moto wa jikoni. Haiondolewi na mafuta yanayochemka, moshi, kugandishwa, wala kutiwa koponi. Asidi ya limau huifanya nyama iwe nyeupe na ikaze, mtu akadhani imeiva na kusafishika, na histamini iko pale pale. Anayekuuzia dawa ya kuosha samaki anakuuzia maji. Maziwa hayana kazi hapa. Kinachosaidia ni dawa za kuzuia histamini, na mtu akibanwa pumzi au akizirai, ni hospitali mara moja.

Kuhusu mzio, msikubali jibu hilo haraka. Kama shemeji amekula jodari miaka yote bila shida, mrudi kwa daktari, mumwambie samaki alikuwa wa aina gani na alikaa wapi kuanzia kuvuliwa, na muulize kuhusu kipimo cha mzio. Nimekutana na watu walioacha samaki wa kila aina kwa miaka kumi kwa sababu ya mlo mmoja uliokosa barafu.

Barafu yenyewe ndiyo hesabu mliyokosea, na kosa lilianza na neno baridi. Baridi ya Julai unayoijua ni ya Lang'ata, asubuhi ya nyuzi 12. Bahari ya Watamu wakati wa kusi haishuki hivyo. Hubaki karibu nyuzi 25. Hata Durban, ambako Julai ni majira ya baridi kweli, maji hukaa kwenye nyuzi 20 au zaidi. Kwa bakteria hawa, nyuzi 25 ni joto la kutosha kabisa. Tena jodari si samaki wa kawaida: mwili wake huhifadhi joto la misuli, na akipigana na ndoana nusu saa, nyama ya ndani huwa na joto kuliko maji aliyotoka. Kama wengi wafanyavyo, mnamlaza sitahani saa 3 asubuhi, mnamfunika gunia lililoloweshwa, mnaendelea kuvua hadi saa 10 jioni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inawashauri wavuvi wa biashara wamweke samaki wa aina hii kwenye barafu ndani ya saa 9 tangu afe, na ndani ya saa 6 kama hewa au maji yamezidi nyuzi 28.3. Kwa mtindo huo, saa 7 huishia kwenye boti kabla hamjagusa barabara ya Mombasa.

Rafiki yangu aliwahi kuniletea sanduku lake nyumbani, akijivunia barafu. Ngozi ya samaki ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Nikachoma kipimajoto hadi kwenye uti wa mgongo: nyuzi 17. Barafu ilikuwa mabonge mawili makubwa chini, samaki juu yake, na pembeni hewa tupu. Kumshusha jodari wa kilo 10 kutoka nyuzi 30 hadi 0 kunayeyusha zaidi ya kilo 3 za barafu, na hapo hujahesabu joto linalopenya kwenye sanduku usiku kucha. Kwa hiyo kilo ya samaki iende na kilo ya barafu, iliyopondwa, na imzunguke pande zote, hata tumboni.

Kabla ya kulipa amana, muulize nahodha anabeba barafu kilo ngapi. Akikujibu kwamba msimu huu haina haja, tafuta boti nyingine. Agosti hadi Oktoba ndio wakati wa jodari Watamu, kwa hiyo boti hazikosekani. Samaki akitua, atolewe damu papo hapo, atumbuliwe matumbo na matamvua, azamishwe kwenye mchanganyiko wa barafu na maji ya bahari. Humo hupoa haraka kuliko kwenye barafu tupu isiyo na maji, maana maji hayaachi nafasi ya hewa. Mkishavua samaki wanaojaza barafu mliyo nayo, acheni kuvua.

Na hili nawaambia pia wanaonunua minofu ya jodari mtaani kwa sababu ni ya bei nafuu: kugandishwa hakufuti makosa ya mwanzo. Kimeng'enya kilichoachwa na bakteria huendelea na kazi yake nyama ikiyeyushwa, hata kama bakteria wenyewe wamekufa. Minofu iliyoyeyushwa mchana kutwa kwenye sinki, ikarudishwa friza, ikatolewa tena, mimi siigusi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha barafu yake leo hajui samaki wake alilalaje jana.

Zile kilo 3 zitupeni leo. Zifungeni vizuri kwenye mfuko, mziweke kwenye taka, na tafadhali msimpe mlinzi wa geti.