Kabla ya mfadhili, kalenda: kwa wanaoanza kutayarisha maigizo Dodoma

Mbukwenyi, ndiyo salamu yetu ya Kigogo. Vijana waliomaliza sanaa za maonyesho, wengine hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wengine TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, hunijia na andiko zuri la igizo na swali moja: mfadhili nitampata wapi? Mimi huwauliza kwanza wanataka kuonyesha mwezi gani. Wengi hawajalifikiria hilo, na hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.

Dodoma ina mwaka wake. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi hiyo watu wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa wako shambani kwenye mtama, uwele na alizeti. Ukiitisha mazoezi Januari, akina mama wapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, hawatakuja, na usiseme hawana moyo wa sanaa. Wanapalilia chakula cha mwaka mzima. Mavuno yakishaingia ndani, kijiji kinapata nafasi, na hamu ya ngoma inakuwa imeiva. Ila Julai na Agosti kuna upepo. Nimeona turubai likiondoka na kamba zake, na maikrofoni ikivuma mpaka mchezaji hasikiki safu ya tatu. Siku hizi nikionyesha nje natafuta ukuta wa darasa au wa ghala unaokinga upande wa mashariki, jukwaa linakaa chini ya ukuta huo, na wachezaji nawafundisha kupaza sauti bila kutegemea spika.

Mjini hesabu ni nyingine. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Gesti zinapanda bei na kumbi zinajaa semina, kwa hiyo ukileta kundi la watu kumi na wanne kutoka Dar es Salaam wakati huo, malazi yatakula nusu ya bajeti. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imetupunguzia mzigo: wasanii wanafika kwa saa nne hivi, na usiku mmoja wa kulala unaokolewa. Kwa shule, kumbuka darasa la saba wana mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba. Madarasa hayo usiyaguse kuanzia katikati ya mwaka, hata mwalimu mkuu akikuruhusu.

Vibali havina siri: kikundi kisajiliwe BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, afisa utamaduni wa halmashauri ajue, mtendaji wa kata ajue, polisi wapate barua mapema. Kama igizo au wimbo si wako, mtafute mwenye haki kabla ya mazoezi.

Pesa ndiyo ninayotaka mnisikilize zaidi. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilikubaliana na kikundi cha akina mama cha kijiji kimoja cha Chamwino: watu 12, siku 10 za mazoezi, posho shilingi 5,000 kwa siku. Jumla 600,000. Mfadhili alikuwa ameahidi awamu ya pili ya fedha ingeingia kabla ya mazoezi kuanza. Ilichelewa wiki sita. Niliwaomba wavumilie, wakavumilia, wakacheza vizuri sana. Jioni ya mwisho kiongozi wao alinivuta pembeni. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, wawili wetu wamekopa nauli ya bodaboda kwa kuliamini neno lako." Nililipa mwishowe, lakini msimu uliofuata kikundi kile hakikuja, na sikuwa na haki ya kuwalaumu.

Tangu siku hiyo siitishi mazoezi kabla posho za wasanii hazijawa mkononi, zimetengwa peke yake. Ninalipa jioni ileile, jina kwa jina, saini au dole gumba, na chakula kinapikwa hata kama mazoezi ni ya saa mbili tu. Bajeti ikibana, nakata fulana kwanza, kisha mabango, kisha taa. Nimewahi kuonyesha saa kumi jioni kwa mwanga wa jua kwa sababu taa zingekula posho, na watu walijaa.

Mtakaoingia kufundisha mashuleni, jifunzeni kutoka Tuseme, mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasichana waliyachambua matatizo yao wenyewe, kisha wakayageuza maigizo. Mimi niliwahi kuingia shule moja ya Bahi na igizo lililokamilika kuhusu mimba za utotoni. Watoto walilikariri kwa adabu. Nilipowauliza wangependa kuigiza nini wao, walisema maji: wanatoka nyumbani alfajiri kuchota, wanachelewa namba ya asubuhi shuleni, wanaadhibiwa. Igizo lile walilitunga kwa siku nne, na mafumbo na nyimbo walivitoa kwa bibi zao. Wazazi waliokuja walibaki wakijadiliana mpaka giza likaingia, mwalimu wa zamu akiwa katikati yao.

Ndiyo maana nawasihi msiingie kijijini kana kwamba mnapeleka sanaa. Hukwe Zawose, aliyesikika dunia nzima kwa zeze na ilimba, kinanda cha kupigwa kwa vidole gumba, kutoka Bagamoyo, ni mzaliwa wa huku. Mzee unayemkuta chini ya mbuyu anaweza kukupa mwanzo wa onyesho ambao andiko lako halina. Msalimie, kaa, sikiliza, na umweke kwenye orodha ya malipo kama wengine.

Ukiwa huna kazi bado, nenda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Wagogo, ukajitolee. Usiombe kupanda jukwaani. Omba kushika daftari la zamu: nani anafuata, kikundi gani hakijala, gari la kuwarudisha watu linaondoka saa ngapi na lina viti vingapi.