Mawe hai: soma hapa kabla hujatoa dola 9 kwa ratili

Juzi usiku kijana mmoja wa Dayton aliniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimenunua tangi la samaki la galoni 55, nataka la maji chumvi kama lako. Dukani wananiambia mawe hai ni dola 9 kwa ratili, na ninahitaji ratili 55 kwa uchache. Nifanyeje?" Nilipiga hesabu nikiwa bado kitandani. Karibu dola 500, hata samaki mmoja hajaingia! Sikulala tena. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lilinigharimu.

Najua wengi mnaonisoma mnalitamani tangi hili. Mmekulia pwani kama mimi, sasa mnaishi Ohio au Minnesota, bahari iko mbali, na mnataka kipande chake sebuleni. Mimi nimezaliwa Mwambani, Tanga. Maji yakipwa tulitembea juu ya miamba tukitafuta pweza, na kila jiwe ulilofunua lilikuwa na kitu kinachopumua chini yake. Hilo ndilo jiwe hai. Ni mfupa wa matumbawe yaliyokufa zamani, wenye matundu hadi ndani, na matunduni wamo bakteria. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Ndani kabisa ya jiwe, kusikofika oksijeni, wamo wengine wanaoigeuza naitreti kuwa gesi ikapotelea hewani. Kwa hiyo jiwe si pambo. Ndilo chujio lenyewe.

Nilipoanza nilikwenda duka moja hapa Columbus. Nikauliza bei, nikaguna. Muuzaji akanitazama viatu, akasema asiye na hela afuge samaki wa maji baridi. Neno lile ninalo mpaka leo. Niliondoka nikiwa nimeapa kulijaza tangi bila kumpa senti, na hasira hiyo ndiyo iliyoniponza.

Wiki ile ile nikaona tangazo la mtu anayevunja tangi lake: mawe hai ratili 70 kwa dola 100. Nikaenda bila kuuliza lolote, nikayafunika kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi, nikarudi nyumbani naimba. Wiki ya tatu vipimo vikaonyesha amonia sifuri. Nikatia konokono kumi na kamba wanne, wale wembamba wenye mstari mweupe mgongoni. Asubuhi kamba wawili walikuwa wamelala ubavu. Jioni wote. Konokono walianguka mmoja mmoja kutoka kwenye kioo, wala hawakuweza kujigeuza. Nilibadilisha maji, nikapima chumvi mara tatu, nikapima joto, nikamlaumu hata fundi bomba. Kumbe yule mtu aliwahi kutibu samaki wake ugonjwa wa madoa meupe kwa dawa ya shaba, humo humo tangini, mawe yakiwamo. Jiwe la namna hii hunyonya shaba kisha huiachia kidogo kidogo kwa miezi. Samaki huweza kuivumilia. Kamba, konokono na matumbawe hawaiwezi. Nilipompigia simu alisema, "Hukuuliza." Ni kweli sikuuliza, lakini yeye alijua, na aliniona nikipakia.

Ratili zote 70 nikazitupa.

Wakati huo mdogo wangu aliyeko Tanga alijitolea kumpa mgeni anayekuja Marekani mawe mawili matatu begini. Nilimkatalia, na wewe mkatalie wako. Matumbawe magumu yote, pamoja na mawe hai, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Bila vibali ni magendo, na kule nyumbani kuyang'oa ni kosa. Hata Florida jimbo lilipiga marufuku kuyachukua baharini mwaka 1989. Wanaoyauza kihalali kutoka huko hushusha mawe yao wenyewe kwenye maeneo waliyokodishiwa, wakasubiri miaka yaote viumbe. Lakini kwangu sheria ni sababu ya pili. Nimekua nikisikia baruti za wavuvi, nimeona mwamba tuliochezea umegeuka kifusi. Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, ilitangazwa Tanga mwaka 2009, na hapo mwamba ulikuwa umeshapigwa sana. Anayeipenda bahari haibomoi ili aitazame sebuleni. Hilo silijadili na mtu.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipo. Uhai wa jiwe huzaana. Huna haja ya kuununua kwa ratili 55. Nilichofanya mara ya pili ni kununua mawe makavu, yanayochimbwa nchi kavu mahali palipokuwa bahari zama za kale, jamaa ya mawe tuliyojengea nyumba pwani. Ratili 50 kwa dola 2 kila moja. Kisha nikapata ratili 5 tu za mawe hai kutoka kwa mfugaji niliyemhoji mpaka akacheka. Nikayaweka yote kwenye pipa lenye maji ya chumvi, hita ikiwa nyuzi 26, pampu ikizungusha maji, gizani ili mwani usiote, nikitia amonia kidogo kidogo kuwalisha bakteria. Wiki sita. Hakuna cha kusimulia katika wiki hizo. Kusubiri tu, na kupima. Jumla nilitumia dola 130, na mwezi uliopita tangi langu la galoni 60 limetimiza miaka miwili. Matumbawe laini niliyoyatia yakiwa na ukubwa wa kidole gumba leo yamefunika jiwe zima. Yule muuzaji angeyaona!

Usihesabu ratili tu. Shika jiwe mkononi: likiwa jepesi kuliko umbo lake, lina matundu mengi, na dogo litatosha. Linuse. Likinuka bahari ni zima, likinuka yai viza kuna vitu vimekufa ndani na utalipia uvundo. Angalia vijidudu vya kahawia mfano wa maua madogo, vinavyojikunyata vikiguswa. Hivyo ni aiptasia, na kimoja kitakuwa mia. Na uliza, uliza, uliza: tangi hili liliwahi kutiwa dawa gani? Anayesitasita, muage.

Na usichemshe mawe kuyasafisha, hata mtu akuapie. Baadhi hubeba viumbe jamaa ya matumbawe wenye sumu kali iitwayo palitoksini, na watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake. Nilikuwa nimeshabandika sufuria mke wangu aliponizuia. Msikilize mkeo.

Kijana wa Dayton, kwako hadi kwangu ni mwendo wa saa moja na kitu. Nunua mawe makavu. Jumamosi njoo na ndoo yenye mfuniko, nitakupa ratili tatu za vipande kutoka tangi langu bila malipo. Halijawahi kutiwa dawa ya shaba, na kifaa cha kupimia ninacho, utapima mwenyewe kabla hujapakia.