Thamani, dhamana, na hiyo "dhamani"

Swali: Msomaji wa Buswelu, Mwanza, anauliza: "Kodi inayotozwa kwa dhamani ya ardhi ili watu wasiache viwanja tupu mjini, tuiite kodi ya kiwanja tupu au kodi ya dhamani ya ardhi?"

Jibu: Kwanza hiyo "dhamani", maana imenichosha. Neno hilo si sanifu. Kuna thamani na kuna dhamana, yote ya Kiarabu: la kwanza linahusu bei, la pili kubeba deni la mtu. Madalali wanaandika "kiwanja kinauzwa, dhamani milioni 80" na hakuna anayeshtuka. Lakini kiwanja chenye thamani ya milioni 80 ni mali. Kiwanja kilichowekwa dhamana ya milioni 80 kina benki nyuma yake, na asiyefanya upekuzi ofisi ya ardhi atanunua deni la mwenzake. Uchafu huu unazaa mwingine. Anayekadiria bei ni mthamini, na kazi yake ni uthamini. Mdhamini ni yule aliyekusainia mkopo. Ukiandika "mdhamini alikuja kukagua kiwanja", umemwita mtu mwingine kabisa, na huenda amekuja kwa hasira!

Sasa jina. Kodi ya pango la ardhi tunayo. Hiyo huangalia ukubwa, eneo na matumizi. Kodi ya majengo nayo tunayo, na tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, yaani unaponunua umeme wa kulipia kabla. Pasipo jengo, haipo. Unayoulizia ni ya tatu: mthamini hukadiria ardhi peke yake, nyumba haihesabiwi. Chukua viwanja viwili vinavyopakana Capri Point, kimoja kina ghorofa, kingine magugu, ardhi ya kila kimoja ikiwa na thamani ya milioni 80. Kwa asilimia 1, kila mmoja analipa 800,000 kwa mwaka. Mwenye magugu hana mpangaji wa kumsaidia kulipa, kwa hiyo atajenga au atauza. Uthamini usiporudiwa bei zikipanda, makali hayo yanaisha.

"Kodi ya kiwanja kitupu" (kitupu, tafadhali, si tupu) ni kitu kingine. Hiyo hukoma ukijenga, ndipo mtu anasimamisha kibanda cha mabati na kudai ameendeleza. Andika kodi ya thamani ya ardhi. Kiwanja chenyewe kiite kisichoendelezwa, kama wasemavyo maofisa ardhi. Ni refu, ila nalivumilia.