Unataka ukocha baada ya kutundika daluga? Soma hii kwanza

Tangu timu ninayoifundisha ipande daraja simu yangu haitulii, na meseji nyingi zinatoka kwa wachezaji ambao bado wanacheza ila wameshaanza kuhesabu misimu iliyobaki. Mmoja kaniandikia hivi: "Kaka, mi ligi nimecheza miaka mingi, mpira naujua, kwa nini nikaanze na watoto wakati Zidane alipewa Real Madrid na akabeba ubingwa wa Ulaya mara tatu mfululizo?" Nilimjibu kwa kifupi, lakini hayo mawazo wanayo wengi, kwa hiyo acha niyaseme hapa kwa urefu.

Mdogo wangu, Zidane alistaafu 2006. Timu kubwa ya Real Madrid kaipata Januari 2016. Hapo katikati alikaa benchi kama msaidizi wa Ancelotti, kocha mkuu wa Real Madrid wakati huo, msimu wa 2013/14, halafu akashuka kufundisha Castilla, timu ya pili, kule ambako kamera haziendi sana. Watu wanakumbuka makombe ya 2016, 2017 na 2018 basi, hiyo miaka ya kusota hawaizungumzii. Xabi Alonso ndio usiseme, mtu ana Kombe la Dunia na ubingwa wa Ulaya akaenda kufundisha watoto wa chini ya miaka 14, kisha Real Sociedad B misimu mitatu, ndipo Leverkusen ya Ujerumani wakamchukua Oktoba 2022, na msimu wa 2023/24 akachukua Bundesliga, ligi kuu ya kule, bila kufungwa mechi hata moja ya ligi. Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia, yeye alipewa Juventus 2020 hajawahi kuongoza timu hata kwenye mechi moja, Coppa Italia alichukua, sikatai, ila kwenye ligi akamaliza wa nne na baada ya msimu mmoja tu akafungashiwa virago.

Mimi nilikuwa kiungo mkabaji. Leseni ya kwanza ya ukocha niliichukua bado nacheza, goti limeshaanza kunisumbua, na wenzangu kambini wakawa wananicheka kwamba nimeanza kuzeeka mapema, nikitoka mazoezini wao wanalala mi nachora mazoezi kwenye daftari. Sikujali na leo nafurahi sikujali.

Nikaanza na vijana wa U-15, na hapo ndipo nilipoelewa kazi hii ni nini. Kulikuwa na dogo mmoja, kiungo kama mimi, ana mguu mzuri sana ila kila akipokea pasi anageukia kwa mpinzani na mpira unapotea. Namwambia "geuka upande wenye nafasi", ananiangalia tu. Yani kitu ambacho mi nimekifanya uwanjani maisha yangu yote sikuwa na maneno ya kumwelezea! Ikabidi nikae niangalie mechi zangu za zamani, nikagundua kabla mpira haujanifikia nilikuwa naangalia nyuma ya bega, mara mbili hata tatu, bila mwenyewe kujua. Basi nikatengeneza zoezi: msaidizi anasimama nyuma ya dogo ameshika bipsi, vile vizibao vya mazoezi, za rangi tofauti, ananyanyua moja wakati pasi iko njiani, na dogo lazima ataje rangi kabla hajagusa mpira. Ndani ya wiki chache yule mtoto akawa mchezaji mwingine kabisa. Hilo huwezi kujifunzia kwenye timu ya wakubwa yenye presha ya matokeo kila wikiendi, kule ukipoteza mechi tatu hakuna anayekuuliza umemfundisha nani nini.

Sasa niseme na linalouma. Klabu niliyoichezea miaka mingi ilibaki bila kocha, mimi ndio nilikuwa msaidizi, timu nikaishikilia mpaka mwisho wa msimu na haikushuka. Nafasi akapewa straika mmoja wa zamani mwenye jina, leseni inayotakiwa hana, ikabidi atafutwe mtu mwingine wa kuandikwa kwenye karatasi kama kocha mkuu. Mi habari nilizisikia redioni, hakuna kiongozi aliyenipigia simu. Mpaka leo nikipita karibu na ule uwanja moyo unabadilika, siwezi kudanganya. Niliondoka, nikaenda timu ya daraja la chini ambayo hakuna aliyeitaka, na ndio hii imepanda.

Kwa hiyo ukiumizwa usikimbie. Muangalie Aliou Cissé, fainali ya AFCON 2002 alikosa penalti ya mwisho Senegal ikapoteza kwa Cameroon, akawa kocha wa timu ile ile, fainali ya 2019 akapoteza tena kwa Algeria, halafu Februari 2022 akalibeba kombe kwa penalti hizo hizo. Nyinyi mnataka kila kitu leo! Chukua leseni ukiwa bado unacheza, maana ukishastaafu kipato kinakatika na kozi zinahitaji hela. Kaa chini ya kocha anayekuzidi, umuulize kwa nini kamtoa fulani dakika ya 60. Fundisha watoto. Nasema tena, fundisha watoto.

Na siku ukikabidhiwa timu yenye watu uliocheza nao, hiyo ni ngumu kuliko zote, kwa sababu wa kwanza kusugua benchi anaweza akawa ni mshkaji wako mliyelala chumba kimoja kambini. Mwite pembeni umwambie mwenyewe kabla kikosi hakijabandikwa, umpe sababu ya mpira, sio ya urafiki, na akinuna mwache anune, mazoezi ya kesho yake mpe nafasi sawa na wengine.