Maswali ya Wasomaji: Dawa Moja, Miili Miwili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi katika kituo cha afya hapa Ndosho, Goma. Nilisikia redioni kwamba wako wanasayansi wanaokutana kila mwaka kujadili tofauti za kimaumbile kati ya wanaume na wanawake katika afya na magonjwa. Wenzangu walicheka wakasema tofauti hiyo hata mtoto anaijua, na mambo ya uzazi yana madaktari wake. Je, mikutano hiyo ina kazi gani, na sisi wa huku, ambao kila siku tunaandika M au F mbele ya jina la mgonjwa, tunapata nini?
Mama Muuguzi, Ndosho

JIBU: Mama Muuguzi, wenzako wangekuwa na haki kama mikutano hiyo ingehusu uzazi peke yake. Inayojadiliwa zaidi ni mioyo, ini, figo, ubongo na kinga ya mwili, yaani vitu ambavyo kila binadamu anavyo lakini havifanyi kazi kwa namna ile ile katika mwili wa kiume na wa kike. Miongoni mwa mikutano inayojulikana ni ule wa shirika liitwalo kwa kifupi OSSD, yaani Shirika la Utafiti wa Tofauti za Kijinsia, lililoanzishwa Marekani mwaka 2006, ambao huwaketisha pamoja wataalamu wa vinasaba, homoni, ubongo, moyo na dawa, watu ambao vinginevyo kila mmoja angebaki katika fani yake.

Haja ya kukutana ilitokana na pengo la muda mrefu. Mwaka 1977 FDA, mamlaka inayoidhinisha dawa nchini Marekani, ilishauri kwamba wanawake wenye uwezo wa kupata mimba wasiingizwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa kuwakinga watoto walio tumboni, kwa kuwa maafa ya thalidomidi, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo vilivyolemaa, yalikuwa bado hayajasahaulika. Lakini matokeo yake ni kwamba dawa nyingi zilipimwa kwa wanaume, kisha zikaandikiwa watu wote. Ushauri huo uliondolewa mwaka 1993. Hata katika maabara panya dume ndio waliopendelewa, kwa hoja kwamba mzunguko wa homoni za jike ungevuruga vipimo, kana kwamba dume hana homoni.

Madhara yake yalionekana baadaye. Mwaka 2001 wakaguzi wa Bunge la Marekani walitazama dawa 10 zilizokuwa zimeondolewa sokoni tangu mwaka 1997, wakaona kwamba 8 kati yake ziliwahatarisha wanawake zaidi kuliko wanaume. Hapo ndipo mtu mwenye haraka huteleza, kwa sababu 4 kati ya hizo 8 ziliandikiwa wanawake mara nyingi zaidi, na huenda wingi huo peke yake ulitosha kuongeza idadi ya waliodhurika. Mfano ulio wazi zaidi ni wa zolpidemu, dawa ya usingizi, ambayo mwili wa mwanamke huiondoa polepole zaidi, hata baadhi ya wanawake wakawa wanaendesha gari asubuhi dawa ingali katika damu. Mwaka 2013 FDA iliagiza kipimo chao kishushwe kutoka miligramu 10 hadi 5.

Kwa maoni yangu, thamani kubwa ya mikutano hii iko katika ugomvi wa kisayansi juu ya swali moja: tofauti tunayoiona imeletwa na nini hasa? Je, ni homoni, ni kromosomu, au ni maisha ambayo mwanamke na mwanamume wanaishi? Ili kutenganisha mawili ya kwanza, watafiti wamezalisha panya ambao kinasaba cha Sry, kile kinachoamuru korodani zitengenezwe, kimetolewa kwenye kromosomu Y na kuwekwa penginepo, ili wapatikane panya wenye XX (kromosomu za kike) na korodani, na wengine wenye XY (kromosomu za kiume) na ovari. Kwa njia hiyo wanaweza kuona kama ugonjwa unafuata homoni au unafuata kromosomu. Hilo la tatu, la maisha, halina panya wa kulipima.

Na hilo ndilo tunalolijua sisi wa Kivu ya Kaskazini. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliowapata watu 3,470 na kuua 2,287, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wa kike. Mtu wa mbali angeweza kudhani kirusi kinapenda mwili wa kike. Sisi tunajua nani hukesha kando ya kitanda cha mgonjwa, nani humfulia nguo na nani humbeba mtoto mwenye homa. Zaidi ya hayo, mwanzoni chanjo haikutolewa kwa wajawazito wala wanaonyonyesha, mpaka uamuzi huo ulipobadilishwa mwaka 2019.

Lakini Afrika imetoa pia mfano wa upande wa pili, wa tofauti inayoelekea kutoka mwilini. Chanjo ya surua yenye nguvu kubwa, iliyotolewa kwa watoto wachanga mwishoni mwa miaka ya 1980, iliondolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1992 baada ya uchunguzi, ukiwemo wa Guinea-Bissau na Senegal, kuonyesha kwamba wasichana walioipata walikufa zaidi baadaye kuliko wenzao waliopewa chanjo ya kawaida. Kama wasichana na wavulana wangejumlishwa katika hesabu moja, dalili hiyo ingefifia sana. Kwa hiyo, Mama, hiyo M na F yako ina kazi, ila tu isipotee pale ripoti ya mwezi inapojumlishwa. Na kando yake andika umri, uzito, na kama mgonjwa ana mimba au ananyonyesha.

SWALI: Baada ya kusikia habari hizo, je, nimpunguzie mke wangu vidonge vya malaria?
Msomaji wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Hapana, Baba, usifanye hivyo. Dawa ya artemeta-lumefantrini hupimwa kwa uzito: mtu wa kilo 35 na kuendelea, awe mwanamume au mwanamke, humeza vidonge 4, kila kimoja chenye miligramu 20 za artemeta na 120 za lumefantrini, mara mbili kwa siku, kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta, jumla vidonge 24. Ukipunguza, vimelea huweza kubaki katika damu na homa ikarudi. Kama mama ana mimba, mweleze muuguzi kabla hajapewa dawa yoyote, na usiinunue kwa kukisia.