Maswali yenu ya biashara: Nataka kuandaa kongamano la mtandaoni

Wiki hii barua nyingi zimekuja na mambo yanayofanana kwahiyo nimeziweka pamoja. Majina ni yale mliyojipa wenyewe.

Mshauri habari za kazi. Mi nashona nguo za watoto wachanga nauza mtandaoni, wafuasi ninao kidogo tu na wengi ni ndugu na marafiki ambao hata hawanunui. Naona watu wanaandaa makongamano ya mtandaoni siku tatu nne, wazungumzaji ishirini, mwisho wanasema wamepata maelfu ya watu wapya. Nimewaandikia mafundi wakubwa wenye majina waje wafundishe kushona, hakuna hata mmoja aliyejibu. Nakosea wapi, na hivi hiki kitu kinamfaa mtu mdogo kweli?
Mama Cherehani

Kinamfaa dada yangu, tena mdogo ndo kinamfaa zaidi manake mkubwa tayari anao watu. Ila umeanzia mkiani. Kongamano linakuza hadhira kwa sababu moja tu, kila mzungumzaji anakuja na watu wake, na hao watu wakijisajili wanakuachia wewe mawasiliano yao. Sasa jiulize, ukijaza mafundi wanaofundisha kushona nani atakuja kusikiliza? Mafundi wenzako! Watafurahi, watachukua ujuzi, watarudi kushona za kwao, na wewe unabaki na listi ndefu ya watu ambao hawatakununulia hata soksi.

Mteja wako ni mama mwenye mtoto mchanga, au anayemtarajia. Huyo mama anahangaika na nini mbali na nguo? Ngozi ya mtoto, usingizi, kunyonyesha, kurudi kazini, picha za ukumbusho. Kwahiyo mtafute nesi anayefundisha akina mama mtandaoni, mpiga picha za watoto, mtu anayeelewa habari za kunyonyesha, mlezi mzoefu. Hao wote wana mteja yuleyule wa kwako lakini hakuna anayekunyang'anya soko, na wao pia wanafaidika manake wafuasi wa nesi wanamjua mpiga picha na wa mpiga picha wanamjua nesi. Wewe unazungumzia vitambaa, kipi kinamuwasha mtoto na kipi hakimuwashi, hapo hakuna wa kukushinda.

Watano au sita wanatosha, na siku moja inatosha. Hayo ya siku nne yaache kwanza, hata msikilizaji mwenyewe anachoka.

Habari ya majina makubwa, mi naona watu wanapoteza muda mwingi sana hapo. Maarufu meseji zake anasoma mtu mwingine, na hata akikubali atakuja ataongea ataondoka bila kuposti chochote. Bora mwenye wafuasi elfu tatu wanaomuuliza maswali na yeye anawajibu. Kabla hujamwandikia pita kwenye komenti zake uone, kama watu wanauliza mambo ya maana huyo ndo wako, kama ni vikopakopa vitupu achana nae.

Alafu barua ya mwaliko iwe fupi. Tarehe, atazungumza dakika ngapi, kuhusu nini hasa (mpe mada, usimwambie achague mwenyewe atakuwa anakuahirisha kila siku), wasikilizaji ni kina nani, na yeye anapata nini. Anza na unaofahamiana nao, wawili wakishakubali waombe ruhusa uwataje kwenye barua za wengine, utaona majibu yanavyobadilika.

Kaka mshauri, mimi nilishaandaa moja. Wazungumzaji wote walikubali kusambaza tangazo, siku ikafika wawili tu ndo waliosambaza. Niliwakumbusha mpaka nikaona aibu. Nifanyeje safari ijayo?
Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu pole, ila nikuulize, uliwapa nini cha kusambaza? Wengi wanatuma bango moja la jumla lenye sura kumi ndogondogo na linki, alafu wanasema "naomba msambaze". Mtu ana kazi zake bwana, akianza kufikiria aandike nini anaahirisha na ndo imetoka hiyo.

Kila mmoja mtengenezee bango lake lenye sura yake kubwa na mada yake, lisilohitaji kukatwa likienda kwenye stetasi. Muandikie meseji mbili tatu zilizo tayari, moja fupi ya stetasi, moja ndefu ya imeili, kwa namna anavyoongea yeye mwenyewe, abandike tu. Mtumie siku ileile unayotaka aposti, ukimtumia wiki tatu kabla zinafukiwa na meseji zingine hazionekani tena.

Na kila mmoja awe na linki yake mwenyewe ya kujisajilia. Hapo utajua nani kaleta watu na nani kakaa kimya, na kama kuna kitu unauza unaweza kuwapa kamisheni kwa waliokuja kupitia linki zao. Watu wanaotumia utaratibu huu wengi wanatoa kati ya asilimia 30 na 50 kwa vitu kama rekodi na kozi, ambavyo ukishavitengeneza havikugharimu tena. Kwa bidhaa ya kushikika kama nguo usithubutu kutoa hivo kabla hujapiga hesabu ya gharama zako, na hesabu wewe ndo mwalimu.

Ila kumlazimisha mtu asaini kwamba lazima alete watu idadi fulani mi siafiki. Wazuri watakukimbia.

Zoom ya bure inatosha? Na watu wangu wengi wanalalamika bando.
Fundi Simu

Ya bure inakata kikao kikifika dakika 40 na inachukua watu 100, kwahiyo kwa kongamano itakuaibisha katikati ya utamu. Ushauri wangu, rekodi mazungumzo mapema, na hapo Zoom ya bure inatosha kabisa kama mtajibana dakika 30. Alafu vidio uipandishe YouTube, kuna namna ya kuipangia ianze kuonekana saa fulani na watu wanachati wakiwa wanaangalia pamoja, mzungumzaji nae awepo anajibu maswali kwa kuandika. Umeme ukikatika kwako au mtandao ukianza kusuasua, kongamano linaendelea tu. Laivu ibakize kipindi kimoja cha maswali mwishoni, watu wapate kukuona ni mtu kweli.

Kuhusu bando, kila mazungumzo yatolee na sauti tupu, inakula kidogo sana ukilinganisha na vidio, na wengine watasikiliza wakiwa wanafanya kazi zao. Wanaoangalia vidio wakumbushe kushusha ubora, mtu anaongea tu hakuna haja ya picha kali.

Watu wakijisajili niwaweke grupu la WhatsApp au nichukue imeili? Na niwatoze?
Mpishi wa Keki

Grupu ni zuri kwa siku zile za kongamano tu. Linachukua watu 1,024, sawa, lakini kila aliyemo anaona namba za wenzake, na utashangaa mpishi mwingine wa keki akiingia kimyakimya anawafata wateja wako inboksi mmoja mmoja. Ile listi ya matangazo ya WhatsApp (broadcast, meseji moja inayomfikia kila mtu kivyake) nayo ina masharti yake, mwisho watu 256 na meseji inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwahiyo chukua imeili, na namba kwa anayependa. Akaunti ya mtandao wa kijamii ikifungwa unaondoka mikono mitupu, imeili ni listi yako unahama nayo.

Tumia huduma ya kutuma imeili nyingi kwa pamoja na uiunganishe vizuri na anwani ya tovuti yako, imeili zithibitike zinatoka kwako kweli, manake tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma imeili nyingi, na kila imeili iwe na kitufe cha kujitoa. Na usiwagawie wazungumzaji listi kama hukuwaambia watu wakati wanajisajili, ni namba na imeili za watu hizo.

Kutoza: kuangalia iwe bure kwa saa 24 au 48, baada ya hapo anayetaka rekodi ananunua. Akikosa muda analipia, akiwa na muda anaangalia bure, hakuna anayelalamika. Kiingilio mlangoni kwa mtu asiyekujua bado mi nakikataa, hapo unatafuta watu bado hujaanza kutafuta hela.

Waliojisajili walikuwa 140, waliotokea hawafiki 60, na sijauza kitu. Nimeambulia patupu?
Mkata Tamaa

Hapana. Wengi kutotokea ni kawaida ya kitu cha bure. Hao wengine 80 na ushee huenda wana hamu vilevile ila siku haikuwakalia vizuri, watumie rekodi wiki hiihii kabla hawajasahau walijisajili wapi. Waliotokea waandikie swali moja tu, nini kinakusumbua zaidi kwa sasa, na wanaojibu uwajibu mwenyewe kwa mkono wako, siyo meseji ya kunakili. Ofa yako itengeneze kutoka kwenye majibu hayo. Na wale wazungumzaji usisubiri kongamano lingine ndo uwatafute, mwambie kila mmoja linki yake ilileta watu wangapi, alafu umuulize ana nini anachouza umsaidie kukitangaza kwa hao 140.